Kinachojitaja

Barabara ya Nane, Ngamiani, duka la Mbwambo wa redio:
viwili juu ya kaunta.
Hiki laki tano, kinasikia meli zote
hadi Chongoleani. Hakisemi.
Hiki milioni na nusu. Kinasikia,
kisha kinajitaja: jina, mwendo, namba tisa.

"Chukua cha kusikia tu, Mwanapili.
Mashua yenyewe tanga moja."

Nikapindua antena, nikakagua nati,
nikauliza chumvi ikiingia, betri ikichoka,
fundi yupo hapa hapa Tanga
au mpaka Dar?

Mume wangu aliisikia ile meli.
Aliisikia vizuri.

Nikafungua pindo la kanga, nikahesabu.
"Jina la chombo?"
Nikalitaja herufi kwa herufi,
polepole,
meli zilizoee.