Nyenje Nisiyemsikia

Miaka kumi na tisa nilisukuma magogo
kwenye meno ya msumeno, kiwandani Rondo:
mvule, mkongo, mninga, mvule tena.
Msumeno ukala mbao, ukala na masikio yangu,
ukianzia juu, kwenye sauti nyembamba,
filimbi, mbu, mtoto anayeita kutoka kisimani.
Sauti nene uliniachia. Radi naisikia.
Mwenye deni lake akigonga, namsikia.

Basi Tusajigwe aliposhuka kwenye bodaboda pale Ntene
na shuka jeupe, taa, na rula ya shule,
akiulizia mtu anayewajua nyenje wa huku juu,
mwenyekiti alicheka, akamleta kwangu.
Labda alitania. Labda alikumbuka
kwamba miti ya msitu huu naijua kwa gome.

Ilikuwa Oktoba. Miyombo imetoa majani mapya,
mekundu kama bati lililoanza kutu,
na mvua bado iko Songea, haijaamua.
Nikamwonyesha maganda:
yameshika gome kwa miguu yote sita,
mgongo umepasuka wima kama shati lililobana,
ndani hamna mtu.
"Alikuwa chini miaka," akasema,
"gizani, mdomo kwenye mzizi, akinyonya maji ya mti.
Miaka mingapi, kwa huyu hatujui."
Nililipenda neno hilo, hatujui,
kutoka kwa mtu mwenye kompyuta.

Usiku tukatundika shuka nyuma ya taa.
Wakaja nondo, kumbikumbi, mende mmoja mwenye haraka,
kisha yeye: kichwa kipana, macho yaliyoachana
kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho,
mbawa za kioo, mishipa ya kijani,
doa la moshi karibu na ncha.
Rula ikasema milimita thelathini na moja.
Akamgeuza, akanionyesha ubavuni
viwambo viwili, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho,
na tumbo tupu nyuma yake,
mzinga uliokwisha kurinwa.
Dume ndiye mwenye ngoma. Jike husikiliza tu, halii.
Nikasema, mimi basi silii wala sisikilizi, niandike wapi?
Akacheka mpaka taa ikatikisika.

Kitabu chake kilijaa nyenje wa milima mingine.
Huyu alifanana na watatu
asiwe hata mmoja.
Na wa bondeni, wa Nyangao, kwa sura ni yeye yule,
doa kwa doa.
"Tumsikilize," akasema, kisha akanitazama, akainama.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro,
mke wangu Somoe, kisu mkononi, bamia kwenye ungo,
akanyanyua kidole: "Ameanza."
Mimi nilisikia jioni tu.
Tusajigwe akanasa, akaniita mbele ya kompyuta,
na pale, baada ya miaka ishirini,
sauti ikaniingia kwa mlango wa macho:
mstari mweusi, mrefu, mrefu,
kisha pengo, upana wa punje ya mtama,
kisha mstari.
Wa Nyangao hapumui, akanieleza, ni mstari mmoja hadi giza.
Wa huku juu anakata.

Nikamuuliza Somoe, ulijua?
"Nani hajui? Yule wa bondeni hana adabu.
Huyu anangoja ajibiwe."
Miaka yote hiyo hakuniambia.
Na mimi sikuwa nimeuliza.

Kwenye daftari Tusajigwe aliandika mahali, tarehe, mti, saa.
Penye jina aliweka nukta tatu.
Penye shahidi aliandika langu; nikamrudisha aongeze la Somoe.

Ameshaondoka. Jioni nakaa kwenye kigoda,
namtazama Somoe akikata bamia.
Kisu kinashuka, kinashuka, kinashuka,
kinasimama hewani kidogo,
kinashuka tena.