Sampuli Namba Kumi na Saba

Imeletwa Jumanne na afisa wa afya,
ndani ya chupa iliyowahi kuwa ya siki.
Haina jina. Ina namba.
Ndiyo kanuni ya maabara yetu hapa Shimanzi:
jicho lisijue mkono uliomimina.

Lakini pua haikutia sahihi kanuni.
Nimefungua kizibo, bizari nyembamba ikaniamkia,
kisha kitunguu thomu,
na nyuma yao kitu kingine, baridi,
kama kisanduku cha stima kilichofungwa miaka.

Haya, tuanze na moto.

Waya wa shaba nikauchoma hadi ukaiva,
hadi mwale ukakosa rangi ya kuongopa.
Nikauchovya. Nikaurudisha.
Kijani,
kijani cha kikuku kilicholala kwenye maji ya chumvi.
Chengo, aliyekuwa akiosha mirija,
akaacha bomba likitiririka.
"Klorini," akasema.
"Huenda," nikasema. Mwale ni shahidi mwenye papara,
hulia hata kwenye nyumba isiyo na msiba.

Nikashika njia ndefu.
Gramu mbili kwenye mizani, kijilango cha kioo nimefunga
pumzi yangu isije ikaongeza uzito.
Hekzeni. Kisha asidi ya salfuri, tone, tone,
na mafuta yakaanza kuungua pasi na moto:
manjano, hudhurungi, lami.
Asidi hii haichagui. Hula alizeti, hula nazi, hula samli;
kilichoumbwa kuliwa, huliwa.
Kinachosalia juu, cheupe, kimya,
ndicho kisichoumbwa kuliwa.

Maikrolita moja kwenye sindano.
Mashine ikavuta pumzi yake ya dakika arubaini.

Wiki iliyopita Tononoka ililala gizani siku nne.
Walisema transfoma imekauka.
Usiku wa pili tulipanga foleni kwa Bi Mwanatumu,
koroboi ikimulika karai,
naye akiyasifu mafuta mapya
aliyouziwa na kijana wa mkokoteni:
"Haya hayatoi moshi, mwanangu. Hayachoki.
Nayakaangia wiki nzima, yako vile vile!"
Tukacheka. Tukaongeza ukwaju.

Kwenye kioo vilele vikaanza kuota,
kimoja, vitatu, kisha msumeno mzima.
Nikavilinganisha na kiwango rejea, dakika kwa dakika.
Vilikaana kama vidole vya mtu mmoja.

Kumbe tulikuwa tukila taa zetu.

Fomu ina safu ya kiasi, safu ya njia, safu ya sahihi.
Haina safu ya kusema
kwamba aliyeuza naye aliuziwa;
kwamba mama yangu alipokufa
alileta mahamri ya matanga yote, beseni juu ya beseni,
na nilipofungua pochi alinipiga kofi la mkono.
Na mimi sijui lolote, si ndiyo?
Mimi najua namba.

Nikaandika kiasi. Nikaandika njia.
Kalamu ikakwama kidogo kwenye sahihi,
Chengo akadhani wino umekwisha, akanipa yake.

Saa saba adhana ikanikuta bado nimevaa glavu.
Nikaufungua mkoba wangu,
nikatoa kifuko cha viazi karai nilivyonunua asubuhi, vya mchana,
karatasi imeloa hadi maandishi ya upande wa pili yanasomeka.
Nikakipasua kimoja kwa kisu cha maabara,
nikakitia kwenye chupa safi,
nikabandika lebo:

kumi na nane.