Mkono wa Kike

Aliingia dukani Jumanne, theluji bado begani,
akauweka mkono wa kuume mezani, ameubeba kwa mwenzake,
kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.
Ottomar Kretzschmar, fundi wa tramu, mstaafu.
Kiharusi cha Februari iliyopita, alisema. Basi.

Nikamtolea kamera kabatini, moja moja.
Ile ya Kijapani: kitufe kulia, wenzo kulia.
Ile ya Kirusi, nzito kama tofali, vilevile.
Akazipindua, akazijaribu kwa gumba, akazirudisha.
Miaka kumi na tisa nauza kamera
na sikuwahi kuona kwamba kila moja ni dhana
ya mtu aliyekuwa mzima siku aliyoichora.

Chini kabisa, nyuma ya chupa za dawa,
ilikuwapo ya hapa hapa Dresden, ya kabla ya vita,
ngozi imebanduka. Wateja huilaani:
kitufe kushoto, wenzo kushoto,
mkono wa kike, ule unaoshika mkate
wakati mwenzake anakata.

Haiendi jichoni. Unaishika tumboni
na kuinama kama msomaji wa barua ya siri,
na ndani ya kioo dunia imegeuka:
tramu inayokwenda mtoni inatoka mtoni,
nami niliyekuwa kuume kwake nikahamia kushoto.
Akacheka, cheko la upande mmoja.
“Huku,” alisema, “njia naijua.”

Akabonyeza. Tak. Kioo kikawa giza.
“Imekufa?”
La. Ndivyo ilivyo. Kila picha inakupofusha
mpaka uvute wenzo, na wenzo wake ni mrefu,
karibu duara zima; ukiuachia njiani, hupati kitu.
Akauvuta. Nikarudi mimi,
na aproni yangu yenye doa la kahawa.

Nikamwonyesha na kisu kilichofichwa ndani,
cha kukatia filamu kabla haijaisha.
“Hicho sikihitaji.”

Hakuwa na fedha zote. Tukaandikiana.

Baada ya wiki mbili nikamsafishia mkanda:
dari, magoti, paka wa jirani, dari tena.
Na moja yangu, ukungu mtupu, nimeinamia droo,
na pembeni, kubwa kama kilima, kidole gumba.
Cha kuume. Ule mkono aliutandika chini ya kamera kama kigoda
nao, bila kuitwa, ukapanda.

Nilitaka kuipunguza ile pembe wakati wa kuchapa.
Akaisogeza picha dirishani, akaitazama
hadi tramu mbili zikapita.
“Usikate. Kimekuja chenyewe.”