Kila Kitu Kimo

Fedha ilikuwa ya mabati.
Upatu wa Raya, zamu ya kumi na moja:
mabati kumi na nane ya geji thelathini,
tumeshayahesabu, tumeshayapangia misumari,
ili chumba cha watoto kisivuje tena.
Ndipo akaja na karatasi mkononi:
Kiwengwa, siku mbili, bei ya wenyeji,
chakula, vinywaji, bwawa, michezo ya watoto.
Kila kitu kimo, akasema,
akalirudia hilo *kimo* kama anayeonja chumvi.

Nikabisha. Mimi mwalimu wa hesabu, Jang'ombe,
kazi yangu kubisha mpaka jibu litoke.
Akanambia: Mabati yatangoja.
Mimi nimengoja zaidi.

Mapokezini wakatufunga vikuku vya plastiki,
vya kijani, havitoki ila kwa mkasi.
Ussi akauliza: Baba, tumenunuliwa?
Nikacheka. Sikumjibu.

Nikaanza daftari langu.
Sahani ya kamba: robo bati.
Juisi ya ukwaju, gilasi sita: misumari ya upande mmoja.
Nikala bila njaa,
ili fedha inirudie kwa njia ya tumbo.
Nikapita kando ya baa: chupa zimejipanga
kama wanafunzi kwenye gwaride,
zimo katika bei, nimezilipia,
na sitozionja mpaka naingia kaburini.
Hiyo nikaiandika hasara, mabati mawili na kitu.
Urojo haukuwamo. Mkate wa mofa haukuwamo.
Pweza alikuwamo,
amekatwa vipande vya kumwonea haya.

Alasiri, kijana wa taulo akanikazia macho.
Mwalimu Shaali? Mimi Makame, darasa la tano B,
yule asiyerahisisha sehemu.
Akanipa taulo mbili badala ya moja.
Kwenu wapi siku hizi?
Akaelekeza kidevu nyuma ya ukuta.
Na humu ushawahi kulala?
Akacheka kwa adabu:
Mwalimu, mimi sina kikuku.

Hilo sikulipatia safu.

Siku ya pili niliamka alfajiri, nikasali,
Raya amelala.
Saa moja, amelala. Saa mbili.
Saa tatu na nusu, mdomo wazi,
mkono umening'inia ukingoni mwa kitanda
kama wa mtu aliyetua mzigo katikati ya njia.
Miaka kumi na mitatu ya ndoa
sijawahi kuuona uso huu umelala kwenye jua.
Hakuna aliyemuuliza, leo tunapika nini?
Hakuna nazi ya kukuna.
Nahda akaja mbio, maji yanamchuruzika,
anataka kumwambia mama yake kwamba anaelea.
Nikamzuia mlangoni. Niambie mimi, nikasema.
Tukakaa barazani, akaniambia mara nne.

Jumatatu vuli ikafika kabla ya mshahara.
Ndoo pale pale, karai pale pale,
sufuria ndogo kwenye pembe mpya.
Bi Hidaya akauliza kupitia dirishani:
Sasa ile hoteli, fedha yake ilifaa?
Nikafungua daftari.
Mabati kumi na nane upande huu;
upande ule kamba, juisi, taulo ya ziada,
saa tatu na nusu.
Haviwiani. Vipimo vyake si vya aina moja,
na mimi nimewachapa watoto wa watu
kwa kujumlisha vitu kama hivi.
Raya, akikamua dekio, hakusema neno,
ila alikuwa anatabasamu na ndoo.

Jioni Ussi akatumwa unga. Akachelewa.
Nikamkuta dukani kwa Faki,
jojo tatu zimo kiganjani,
mkono wa pili ameunyoosha juu ya kaunta,
kikuku cha kijani kimeanza kuchujuka,
anangoja kwa utulivu wote wa dunia.

Faki ananitazama mimi.