Waya wa Mpaka

Lusajo alimtuma kutoka Hamburg, ndani ya boksi,
amefungwa kwa plastiki ya maputo kama yai la bata.
"Mama," akasema kwenye simu, "usimwite tena mtu wa kufyeka."
Hapa Tukuyu nyasi hazisubiri umalize chai.
Mvua ya asubuhi, jioni zimekufika kifundoni;
mvua ya usiku, kesho unatafuta kandambili.

Tukamwita Kobe.
Ana gamba la kijani na wembe tumboni,
hana macho, ila anajua pa kukomea:
waya tuliouzika kwa kisu cha jikoni,
mimi na Gwakisa, kutwa nzima, magoti kwenye tope,
tukazunguka migomba, tukazunguka karo,
tukafika kwenye kaburi la Anyosisye.
"Na hapa apite?" Gwakisa akauliza.
"Hapa asipite."

Sasa ni wiki ya kumi na moja.
Anatoka saa tatu, ukungu ukiwa bado migombani,
anagonga parachichi lililoanguka,
anasimama kama aliyesahau alichotumwa,
anageuka.
Vifaranga walimkimbia siku mbili tu.
Siku ya tatu jogoo alimpanda mgongoni
akawika huku anasafirishwa.
Watoto hujazana kwenye michongoma kumtazama.
Mmoja, ana miaka minne hivi, aliuliza kama anakunya.
Wenzake walicheka.
Mimi swali lile nililala nalo.

Maana nyasi za Gwakisa zilikuwa na safari.
Alifyeka Jumamosi, akafunga mzigo kwa ganda la mgomba,
akavusha njia hadi kwa Subilaga,
ng'ombe akala,
na jioni chupa ya lita moja ilivuka kurudi huku,
ingali vuguvugu, imezibwa kwa jani.
Samadi nayo ilikuja kwa msimu wake, bila kuombwa.
Kobe anakula na kutema unga papo hapo.
"Hiyo ni mbolea, Mama," anasema Lusajo.
Sawa, mwanangu.
Lakini chai yangu ni ya rangi tangu Machi.

Subilaga hajasema neno.
Ananiamkia, "Ugonile," naitikia,
anautazama uwanja wangu uliolala kama zulia la ofisini,
anapita na ndoo yake.
Gwakisa namlipa elfu tatu
aje kumtoa Kobe tope kwenye magurudumu.
Anamgeuza chali, anachokonoa kwa kijiti,
mkono uliokuwa ukifyeka robo eka kabla jua halijakaza.

Umeme ulikatika siku tatu.
Kobe alikaa kibandani, taa yake imekufa,
na nyasi zikapanda, Mungu anisamehe,
nikafurahi kama mtoto aliyeambiwa mwalimu anaumwa.

Pale kaburini nakata mwenyewe, kwa mundu,
kila Jumapili kabla ya kengele ya pili,
polepole, kuzunguka saruji,
kama nilivyokuwa nikimnyoa shingo
naye ameketi kwenye kigoda, taulo begani,
akilalamika kwamba wembe ni baridi.

Wiki iliyopita nilimwita Gwakisa.
Nikamwambia aache kijiti, alete jembe.
Tuliufukua waya upande wa migomba,
tukausogeza ndani hatua ishirini,
tukaufukia tena, tukakanyagakanyaga.
Hakuuliza kitu. Alikuwa anapiga mluzi.

Usiku simu ikaita.
"Mama, naona kwenye ramani uwanja umepungua."
"Ni mvua," nikamwambia.
"Mvua inapunguzaje uwanja?"
"Wewe umeondoka siku nyingi."

Leo Kobe amefika kwenye mpaka mpya.
Amesimama. Mbele yake nyasi zinamzidi kimo,
zimelowa, zimeinamiana.
Akageuka, akaendelea na kazi yake.
Jioni imekuja nusu lita.
Ng'ombe, anasema Subilaga, bado amenuna.