Daftari la Wafubwa

Saa kumi alfajiri, Nakuru bado imejifunika.
Nalizunguka trela na rungu mkononi,
tairi ishirini na mbili, nagonga moja moja, nasikiliza.
Iliyojaa upepo huitika. Iliyolegea hunung'unika,
na hiyo, kasema fundi Chepkwony,
ni mgeni alaye jikoni kabla ya kuketi mezani.

Nakaza turubai. Linalopepea hulivuta lori kisogoni.

Juu ya dashibodi, daftari la kaka yangu:
jalada la grisi, kurasa zanuka dizeli.
*Nakuru–Kisumu, saruji, lita themanini na nane.*
*Kisumu–Nakuru, sukari, mia na sita.*
*Mvua Londiani. Mia na kumi.*
Mwandiko wa mtu anayehesabu karo.

Kisha Machi, mstari umepigwa mara mbili:
*Sachangwan hadi Salgaa, fri. Tisini na tisa!*
Alama ya mshangao, ya pekee daftari zima.

Fri: gia umeitoa, mteremko unakubeba,
injini inakoroma kama mlevi kivulini,
nawe unadhani umempunja mwenye petroli.
Walifanya wote. Wote walisema inaokoa.

Baada ya hapo kurasa ni nyeupe.

Miaka sita baadaye nikajifunza lori, mimi Nasambu,
niliyekuwa nikiuza mitumba Kimilili.
Chepkwony akaunganisha waya na kioo kidogo, akasema:
Teremka ndani ya gia, mguu usiguse mafuta.
Magurudumu ndiyo yatakayoizungusha injini,
na injini haitadai tone. Tazama. Sufuri.
Ukiitoa gia, sharti inywe isije ikazimika.
Kidogo. Lakini inakunywa.

Nikamwomba arudie.
Akarudia. Sufuri.

Nikatoka, nikasimama kati ya matangi makuukuu.
Msiba nilikwisha kuulia.
Siku hiyo nililia hesabu.

Sasa naondoka polepole, kama anayebeba maziwa.
Ahero nanyoosha mwendo mmoja, simkimbizi mtu.
Mlima wa Kericho naupanda mshale ukiwa kwenye kijani;
nikiona foleni mbali naachia mguu mapema,
maana kila breki ni dizeli niliyokwisha kuilipia
ikigeuka moshi wa raba.

Na Sachangwan
nashuka gia ya nne, injini ikinguruma,
nyuma yangu honi, matusi, taa zikiwakwa na kuzimwa.
Omuga, utingo wangu, amekaza mshipi.
Kioo kinasema sufuri.
Sufuri kwenye kona ya kwanza, sufuri kwenye daraja,
sufuri pale wanapouza viazi kando ya vyuma
ambavyo sijawahi kuviuliza ni vya lori gani.

Nakuru. Nazima injini, siiachi ikinguruma bure.
Nafungua ukurasa wa Machi, natafuta kalamu.
*Kisumu–Nakuru, sukari, tisini na moja.*
Naandika chini ya mwandiko wake,
nimeruka mstari mmoja.