Sheria ya Kanta

Fundi Mbaruku wa Bondeni aliandika kibao kwa mkono,
rangi ya buluu, herufi zenye mabega,
akaruka moja:
PROGRAMU YA SHERIA NA MAADILI YA KANTA.
Siku hiyo nilikuwa Nairobi, naomba fedha.
Niliporudi kibao kishapigwa misumari
na Tudor nzima ishacheka.

Somo langu ni kwanta, mambo ya chembe
ndogo kuliko vumbi la vumbi.
Kanta ni ile ya chupa, nyeusi tititi,
wapambaji wanayochorea maharusi maua ya piko.
Nyevu, mwanafunzi wangu wa kwanza
(na kwa muhula mzima, wa pekee),
aliniuliza kama mtihani utakuwa wa vitendo.

Nilicheka naye. Kisha nikarudi mezani
kwenye barua ya kamati, yenye swali moja tu:
"Mashine hizi hazijafika Mombasa. Nani kaumia?"
Wiki tatu nalizunguka swali hilo
kama mgeni anayetafuta mlango kwa nyuma ya nyumba.
Niliandika: zipo siri zinazochotwa leo zikiwa zimefungwa,
maradhi ya watu, hati za mashamba, mishahara,
zapita kwenye nyaya chini ya bahari pale Nyali.
Yupo anayeziweka. Hazisomi. Angoja
mashine itakayoyashinda makufuli yote.
Nikafuta. Nikaandika tena. Dakta Mwagandi wa fizikia
akasoma, akasema, "Kweli tupu. Na haimgusi mtu."

Jumatatu, saa nne, feni imekufa,
akaingia Bi Mwanamize wa Kisauni
na binti yake Rukia nyuma, buibui limevutwa mpaka kwenye kucha.
"Ndipo hapa penye sheria ya kanta?"
Nikafungua kinywa nimsahihishe.
Binti akapandisha mikono ya buibui.

Maua yalikuwapo bado, kila jani, kila kikonyo,
lakini yamefura, yametunga maji;
piko limechipua upya kwa malengelenge
toka kiganjani hadi kiwikoni.
"Siku ya kupakwa hakuhisi kitu," mama akasema.
"Alipendeza. Tulimpigia vigelegele.
Siku ya tatu ndipo ngozi iliponena."

Siku ya tatu.
Nilikaa kitako kabla ya wageni kukaa.

Mpambaji alinunua Marikiti, kwa nia safi,
chupa ina maandishi asiyoyajua.
Muuzaji alipokea kwa katoni.
Mtengenezaji yu ng'ambo, hajui hata kuna Rukia.
Na Rukia alinyoosha mkono mwenyewe, ndiyo,
ila nani alimwambia anakubali nini?

Sikuwasaidia, nisijisifu.
Niliwaandikia jina la wakili wa bure, jengo la pili,
nikawapa nauli na tembe za maumivu,
nikamwomba binti ruhusa niisimulie mikono yake.
Alifikiri sana, macho kwenye feni iliyokufa.
"Mikono simulia. Jina langu usilitaje."
Basi Rukia si Rukia.
Wala Mwanamize si Mwanamize,
na Kisauni mtafute kwengine.

Kamati niliipelekea ukurasa mmoja, mikono mitupu,
na mwisho mstari huu: Sisi tuko siku ya kwanza,
pambo lang'aa, vigelegele havijaisha.
Fedha zilitoka nusu.
Nyevu sasa ana wenzake kumi
na hakuna anayepita mlangoni mwangu
kabla ya kujibu: nani alikuuliza, na ulielewa nini?

Mbaruku alikuja na kopo dogo, akaomba radhi,
akachomeka w kati ya k na a,
nyembamba, imejipinda kiuno ipate nafasi.
Rangi si ile ya mwanzo; jua na chumvi vishaanza kuila.
Asubuhi ukipanda ngazi waiona.
Jioni, ukishuka, haipo.